Kuchagua Viungo vya Mabomba ya Maji na Gesi

Risala ya Kamati Ndogo ya Maji, iliyosomwa mbele ya wakazi na wageni katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, kambini kwetu, Juba



Siku hii ya 20 Juni imeadhimishwa duniani kote tangu mwaka 2001, mwaka ambao Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ulitimiza miaka 50. Tumezoea kusikia siku kama hii maneno ya amani na ya kurudi nyumbani, na ni maneno mema. Lakini sisi tuliopewa kazi ya maji tumeombwa tueleze kazi yetu. Kwa hiyo tutasema juu ya kitu kidogo kinachoingia mfukoni, nacho ni soketi ya bomba.

Tunasema kwa Kiswahili kwa sababu ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wanakielewa, na pia wenyeji wengi wa hapa waliokaa Kakuma au katika makambi ya Uganda. Kwa wengine, vijana wetu watafasiri kwa Kiarabu cha Juba.

Kwa nini tumechagua soketi

Ndugu zetu, wengi wenu mnaikumbuka ile koki iliyokuwa ikivuja msimu wa mvua uliopita. Ilifungwa mpya, ikapakwa rangi, watu wakapiga makofi. Siku ya tatu ikaanza kutoa machozi kwenye kiungo. Kijana wetu fundi akaitwa, akaikaza. Ikanyamaza siku mbili, ikaanza tena. Akaongeza tepu, akakaza tena. Mara ya nne soketi ikapasuka mkononi mwake.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema kijana hajui kazi. Wengine walisema ameuza soketi nzuri sokoni akafunga mbovu. Hata ndani ya kamati yetu tulimwita tukamhoji kama mtuhumiwa, na kwa wiki kadhaa hatukumpa kazi. Mama zetu wakafunga kiungo kwa vipande vya mpira wa tairi, na chini yake likawa dimbwi ambamo watoto walicheza.

Baadaye mhandisi mmoja mgeni alipita, akakwangua rangi kwenye ile koki kwa kisu. Chini ya rangi palikuwa na herufi tatu: NPT. Bomba letu na soketi zetu zote ni BSP. Koki ilitoka katika msaada wa upande mmoja wa dunia na bomba lilitoka upande mwingine. Hata fundi mwenye mikono ya dhahabu asingeweza kuvifanya viwili hivi vishikane bila kuvuja.

Tutarudi kwa kijana huyo mwisho wa maneno yetu. Kwanza tueleze jambo lenyewe, ili lisitokee tena.

Hesi ni nini, na kwa nini hazifanani

Hesi ni ile mikato inayozunguka mwisho wa bomba, ambayo mafundi wengi huiita uzi. Ikiwa nje ya bomba ni hesi ya nje, na ikiwa ndani ya soketi ni hesi ya ndani. Mtu akizitazama kwa macho huona zote ni sawa. Sivyo.

Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza mikato ya hesi iwe na pembe ya digrii 55. Hesi ya mabomba ya Kiingereza, yaani BSP, ilitokana na kazi yake. Ikaenea katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, na nyingine nyingi pia. Ndiyo sababu bidhaa za mabomba zinazoingia hapa kutoka Kenya na Uganda kupitia Nimule kwa kawaida ni za BSP. Marekani walishika njia yao: hesi yao ya mabomba, NPT, ina pembe ya digrii 60.

Tofauti ya digrii 5 inaonekana ndogo, lakini maji hayahitaji mlango mkubwa. Na mtego wenyewe uko hapa. Kwa kipimo cha nusu inchi na cha robo tatu, BSP na NPT zote zina mikato 14 katika kila inchi. Kwa hiyo zinaingiana. Unazungusha mara mbili, mara tatu, unahisi imeshika, unaondoka. Lakini pembe hazilingani wala upana haulingani sawasawa, na maji yanapata njia ya kuzunguka kama mtu anayepanda ngazi. Kwa kipimo cha inchi moja hadi inchi mbili, BSP ina mikato 11 na NPT ina mikato 11 na nusu. Hapo utaona mapema, maana baada ya mizunguko michache hukwama. Basi kinachokwama ni afadhali, kwa sababu kinakuambia ukweli. Kinachoingia kwa ulaini ndicho kinachodanganya.

Maswali manne kabla ya kununua

Tumekubaliana katika kamati kwamba mtu yeyote anayetaka kiungo, awe fundi, mkazi au mfanyakazi wa shirika, ajibu kwanza maswali manne.

Swali la kwanza: ni nini kitapita ndani? Maji ya kunywa, maji ya kufulia, au gesi? Kiungo kilichotumika kwenye mafuta au dawa hakifai tena kwa maji ya kunywa, hata kikioshwa. Na kiungo cha maji hakihamishiwi kwenye gesi. Juu ya gesi tutasema peke yake.

Swali la pili: bomba ni la kitu gani? Hapa kambini tuna aina tatu. Kuna mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, kuna ya plastiki ngumu, na kuna yale meusi laini yanayokuja yamekunjwa kama kamba. Bomba la chuma hukatwa hesi, na soketi yake iwe ya chuma chenye zinki au ya shaba. Mkumbuke kwamba ukikata hesi umeondoa zinki mahali hapo, na kutu itaanzia hapo. Kwa hiyo hesi inayobaki nje baada ya kukaza ipakwe rangi. Tena bomba la chuma hupimwa kwa unene pia: lile jepesi huwa na mstari wa rangi ya kahawia, la wastani mstari wa buluu, na zito mstari mwekundu. Jepesi likikatwa hesi hubaki jembamba sana, hivyo kwa kituo cha kuchotea maji ambacho watoto huning'inia, tunaomba la buluu au jekundu.

Kwa plastiki kuna hadhari moja kubwa. Hesi ya nje ya chuma ikiingizwa ndani ya soketi ya plastiki tupu na kukazwa kwa nguvu, hufanya kazi ya kabari na plastiki hupasuka, wakati mwingine baada ya wiki nzima. Njia iliyo salama ni kinyume chake: hesi ya nje iwe ya plastiki iingie ndani ya chuma, au mnunue soketi ya plastiki iliyowekwa shaba ndani. Bomba jeusi laini lenyewe halikatwi hesi kabisa. Lina viungo vyake vya kubana, ambavyo upande mmoja hubana bomba na upande wa pili huwa na hesi.

Swali la tatu: kipimo gani? Hapa ndipo tunapopoteza fedha na nauli. Jina la bomba si kipimo chake cha nje. Bomba la nusu inchi lina hesi yenye upana wa nje wa milimita 21 hivi. La robo tatu ni milimita 26 na kitu. La inchi moja ni milimita 33. La inchi mbili ni karibu milimita 60. Sasa mtazame: inchi moja kwenye rula ni milimita 25 na kidogo. Kijana akipima bomba la robo tatu kwa rula anapata inchi moja, anakwenda Konyo Konyo, ananunua soketi ya inchi moja, anarudi, na soketi inacheza juu ya bomba kama pete ya baba kwenye kidole cha mtoto. Imetutokea zaidi ya mara moja. Tiba ni rahisi: usipeleke namba sokoni, peleka kipande chenyewe. Kama hakitoki, peleka soketi nyingine uliyojaribu ikashika.

Mabomba meusi laini yana hesabu nyingine, maana hayo huitwa kwa upana wao wa nje. La milimita 20 kwa kawaida huungwa na hesi ya nusu inchi, la 25 na robo tatu, la 32 na inchi moja, na la 63 na inchi mbili.

Swali la nne: hesi gani? Tazama herufi zilizopigwa kwenye chuma. NPT ni ya Kimarekani. Herufi R au BSPT ni BSP iliyochongoka, yaani inapungua upana kidogo kidogo kuelekea mwisho, kipimo 1 kwa kila 16. Herufi G au BSPP ni BSP iliyonyooka, isiyochongoka. Iliyochongoka huziba kwa kujibana yenyewe pamoja na tepu au katani. Iliyonyooka haizibi kwa hesi, bali kwa washa ya mpira inayokaa kwenye uso wake. Kwa hiyo mkiona kiungo cha washa kinavuja, msikifungie tepu mita nzima. Kifungueni mtazame washa. Na ikiwa koki haina herufi yoyote, ijaribuni juu ya kipande mnachokijua ni BSP. Iingie kwa mkono mizunguko mitatu hadi minne bila kucheza, kisha ikaze. Ikitikisika kushoto na kulia, iwekeni pembeni.

Jinsi ya kufunga

Kuchagua vizuri na kufunga vibaya ni sawa na kutochagua. Safisha hesi kwa brashi. Funga tepu kwa kufuata upande ambao kiungo kitazungushwa, ili kisiifungue wakati kinaingia. Mizunguko mitatu hadi mitano ya tepu nyembamba inatosha kwa maji, na mkato wa kwanza uachwe wazi ili vipande visiingie ndani ya bomba. Ingiza kwa mkono mpaka ushike, halafu malizia kwa spana mzunguko mmoja au miwili. Shika bomba kwa spana ya pili, usije ukalegeza kiungo cha nyuma. Mahali penye koki au mita wekeni yunioni, ili siku ya kutengeneza msilazimike kukata bomba. Halafu fungulieni maji na kukausha kiungo kwa kitambaa, na mrudi kukitazama jioni na kesho yake.

Tone moja ni la nani

Wako watakaosema, mbona mnapiga kelele kwa tone? Ile koki tuliyoisema tuliipima. Kikombe cha nusu lita kilijaa kwa dakika 5. Hiyo ni lita 6 kwa saa, na lita 144 kwa siku, kama kiungo kina maji mchana na usiku. Ni zaidi ya madumu 7 ya lita 20. Viwango vinavyofuatwa na mashirika katika dharura ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Basi soketi moja iliyokosewa ilikuwa inakunywa maji ya watu 9, na mama aliyekuwa mwisho wa foleni ndiye aliyelipa.

Lakini hasara ya maji si mbaya kuliko zote. Maji yetu hayapiti saa zote. Yanafunguliwa, yanafungwa. Yakiwamo kwenye bomba, kiungo kinachovuja hutoa maji nje. Yakifungwa na bomba likawa tupu, kiungo hicho hicho huvuta ndani kilichokizunguka, nacho ni dimbwi, tope, na kilichoachwa na watoto na mbuzi. Maji yakifunguliwa tena asubuhi, dumu la kwanza hupokea uchafu huo. Klorini iliyotiwa kwenye tangi inasaidia, lakini tope jingi huimaliza nguvu.

Wakazi wa Juba hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Mwezi wa Mei 2014 kipindupindu kilitangazwa katika mji huu, kikarudi 2015 na 2016. Oktoba 2024 serikali ikatangaza mlipuko mwingine nchini. Hatusemi kwamba kiungo kimoja ndicho kilicholeta ugonjwa. Tunasema ugonjwa hutafuta mlango, na kiungo kinachovuja ni mlango uliofunguliwa na sisi wenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa upande wa gesi

Wengi wetu tunapika kwa mkaa na kuni, lakini mitungi ya gesi inaongezeka mjini na imeanza kuingia kambini. Maji yakivuja unayaona. Gesi ikivuja huioni. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo haipandi juu ikatoka dirishani. Hushuka sakafuni, hujaa shimoni na chini ya kitanda, ikingoja kiberiti. Ile harufu mbaya imetiwa makusudi ili ikuamshe.

Kwa hiyo sheria zetu ni chache na ngumu. Kwanza, mabomba ya plastiki ya maji na mipira ya maji yasitumike kamwe kwa gesi. Pili, soketi iwe ya shaba au ya chuma iliyotengenezwa kwa gesi, isiwe iliyookotwa kwenye mabaki ya maji. Tatu, katani na rangi tunayotumia kwenye maji haifai. Tumieni tepu nene ya gesi au dawa ya kuzibia iliyoandikwa kuwa ni ya gesi. Hata washa iwe ya gesi, kwa sababu mpira wa kawaida huharibiwa na gesi hii na kuwa laini au kupasuka. Nne, regyuleta isiondolewe kwa kisingizio chochote. Ndani ya mtungi mgandamizo ni mkubwa mno, na regyuleta huushusha hadi karibu milibari 30 kwa jiko la nyumbani. Kiungo cha upande wa jiko hakiwezi kustahimili mgandamizo wa upande wa mtungi.

Tano, jueni upande wa kufungua. Nati nyingi za mitungi mikubwa hufungwa kinyume, yaani hukazwa kwa kuzungushwa kushoto. Mara nyingi zimewekewa vijipengo kwenye pembe ili uzitambue. Tumemwona mtu akisimama juu ya spana akidhani anafungua, kumbe anakaza, mpaka hesi ikakatika. Akawa na mtungi uliojaa na mdomo mbovu. Mungu alisaidia kwamba hapakuwa na moto jirani.

Sita, kiungo cha gesi hujaribiwa kwa maji ya sabuni. Paka, tazama kama povu linavimba. Anayejaribu kwa kiberiti anaitafutia nyumba yake msiba. Povu likivimba, funga mtungi, fungua milango, toeni watoto, msiwashe wala kuzima kitu chochote cha umeme mahali hapo, na mumwite fundi.

Maombi yetu

Kwa ndugu zetu wa mashirika, tunashukuru kwa kila bomba na kila koki mliyotuletea. Tunaomba jambo moja. Karatasi ya kuagiza isiandikwe tu «soketi 10». Iandikwe hivi: soketi ya chuma chenye zinki, robo tatu inchi, hesi ya ndani pande zote mbili, BSP, kwa maji ya kunywa, vipande 10. Maneno haya ya ziada hayaongezi bei, na yanaokoa safari. Vitu vya NPT vilivyokwisha kufika visitupwe. Viwekwe kwenye sanduku lao peke yake, lenye alama nyekundu, pamoja na vipande vya kuunganisha NPT na BSP, ambavyo hutengenezwa na huweza kuagizwa.

Kwa wakazi, tunaomba mkiona tone msifunge mpira mkaenda zenu. Mpira huficha uvujaji, hauuzibi. Mwambieni kiongozi wa bloku siku hiyo hiyo. Tena tusikubali dimbwi likae chini ya koki. Lichimbiwe mfereji.

Kwa vijana mnaojifunza ufundi, kamati imetengeneza ubao wenye vipande vya nusu inchi, robo tatu, inchi moja na inchi mbili, BSP upande mmoja na NPT upande mwingine, kila kimoja kimeandikwa. Uko kwenye stoo ya maji. Njooni mvishike, maana hesi hujifunzwa kwa vidole kuliko kwa hotuba.

Mwisho, tunarudi kwa kijana wetu. Amekaa hapa pamoja nasi, na hatutamtaja jina kwa sababu ninyi nyote mnamfahamu. Tulimlaumu kwa kosa ambalo halikuwa lake. Alituambia mara mbili kwamba koki hii hailingani na bomba, nasi hatukumsikiliza kwa kuwa ni kijana na ni mkimbizi kama sisi. Tulimsikiliza mgeni aliyesema neno lile lile. Leo, mbele ya mgeni rasmi na mbele ya jamii yote, Kamati Ndogo ya Maji inamwomba radhi. Kazi yake amerudishiwa, na ndiye aliyetengeneza ule ubao.

Tumejifunza kwamba kiungo kinapovuja, tuulize kwanza kama vipande viwili vinalingana, kabla ya kuuliza ni nani wa kulaumiwa.